TAHADHARI: Amplifaya ya zamani "iliyofufuliwa", kumbe relei (swichi ya kulinda spika) imerukwa kwa waya

Jana usiku nimekuta picha za amplifaya yangu zikinadiwa upya. Ni zilezile: Sansui AU-717, uso mweusi, mkwaruzo mdogo chini ya kitufe cha sauti, shuka la kijani nyuma yake. Amplifaya yenyewe ninayo mimi. Iko hapa mezani, kifuniko kimetolewa, nusu ya matumbo yake iko nje. Sasa huyo anayeinadi anauza nini? Nilikuwa nimeshaamua kulimezea jambo hili, lakini kuna mtu muda huu anaziangalia picha hizo kwa hamu ileile niliyokuwa nayo mimi. Ndugu yangu, kabla hujatuma pesa, soma kwanza.

Nilikuwa natafuta amplifaya ya miaka ya 1970 ya kusikilizia santuri nyumbani. AU-717 ilitoka mwaka 1977, wati 85 kila upande, na wanaoijua wanaisifu kwa besi iliyokaza na sauti za waimbaji zinazosikika kama wamekaa mbele yako. Muuzaji aliandika kwamba imefufuliwa yote, kapasita (vipuri vya kuhifadhi umeme) zote mpya, na imepimwa. Akanitumia video: inapiga, safi, pande zote mbili. Nikaomba picha ya ndani. Akajibu kwamba akifungua kifuniko ataharibu garantii. Garantii ya kifaa kilichotoka kiwandani miaka ya 1970! Hapo ndipo nilipotakiwa kuachana naye. Lakini akaniambia kuna mteja mwingine yuko njiani na pesa mkononi, moyo ukanipasuka, nikalipa.

Ilipofika, ilipiga. Siku mbili nzima ilipiga vizuri mno. Kitu kimoja tu kilinikera: nikiwasha, muziki unatoka papo hapo, na spika zinashtuka kwa kishindo. Amplifaya za daraja hili zina relei ya kulinda spika. Ukiwasha, saketi ya ulinzi husubiri sekunde chache, ikiangalia kama kuna umeme wa DC (wa mkondo mmoja, kama wa betri) unaovuja kwenye njia ya spika. Ikiridhika, relei inalia "tak", ndipo muziki unapita. Yangu haikulia. Nilipomuuliza, alisema toleo lake halina kitu hicho. Niliamini.

Jioni ya tatu, baada ya kama saa moja ya kusikiliza, koni ya spika ya kushoto ilisukumwa mbele ikabaki hukohuko, haitikisiki, haitoi sauti. Kisha ikaja harufu ya vanishi inayoungua. Niliruka kuchomoa waya ukutani lakini koili ya besi (waya uliozungushwa unaosukuma koni) ilikuwa imekwisha. Spika hizo nilikuwa nazo kwa miaka 11.

Fundi alipofungua kifuniko alinyamaza muda mrefu, kisha akaniita nije kuona. Chini ya bodi ya ulinzi kulikuwa na vipande viwili vya waya vilivyolehemiwa kuiruka relei, kila upande kimoja. Maana yake relei ilikuwa inakataa kukaa imefunga, yaani kuunganisha spika. Ilikuwa inafanya kazi yake, inasema humu ndani kuna ugonjwa, na mtu akaamua kuiziba mdomo badala ya kutafuta ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye transista za kutoa (zinazosukuma spika) za kushoto: hazifanani na za kulia, na maandishi yake yalifutika kwa pamba yenye asetoni. Za kuigiza. (Hili limeenea kuliko watu wanavyodhani. Hata jozi maarufu ya transista za Toshiba, 2SC5200 na 2SA1943, huigizwa kwa wingi.) Fyuzi mbili zilikuwa zimezungushiwa waya wa shaba, kwa hiyo hata zile hazikuweza kukatika kuniokoa. Amplifaya ilipopata joto, mita ilisoma zaidi ya volti 40 za DC kwenye njia ya spika ya kushoto. Kwa spika ya omu 8, hizo ni zaidi ya wati 200 za joto tupu kwenye koili iliyosimama palepale, isiyopata hata hewa ya kuipoza.

Na zile "kapasita zote mpya"? Zile kubwa za kuchuja umeme zilikuwa zinang'aa kweli. Fundi akapitisha kisu kwenye ganda la plastiki: chini yake zilikuwa zilezile za kiwandani, moja imevimba kichwani. Zimevalishwa shati jipya tu.

Nilimtumia muuzaji picha zote hizi. Jibu lake: spika zako ndizo mbovu. Baada ya hapo akanifungia mawasiliano.

Kwa hiyo, video ya amplifaya inayopiga si ushahidi wa chochote. Yangu ilipiga. Dai video ya aina nyingine: ianze kifaa kikiwa baridi, waya umechomolewa, kamera isikatwe hata mara moja. Achomeke, awashe, usubiri kusikia ile tak. Kisha, spika zikiwa hazijaunganishwa na kitufe cha sauti kiko sifuri, aweke mita kwenye vituo vya spika, nyekundu na nyeusi, kwenye kipimo cha DC. Kifaa chenye afya kitasoma milivolti chache, na ikizidi 50 kuna kazi ya kufanya kabla ya kununua. Angalieni sana mpangilio huo, kwa sababu relei isipofunga mita inasoma sifuri safi, na mjanja atakuonyesha hiyo sifuri kama sifa. Kwanza tak, ndipo kipimo. Aiache iwake dakika 20 apime tena, maana ugonjwa kama wa kwangu hujificha mpaka joto lipande.

Picha ya ndani ni lazima, juu na chini ya bodi. Lehemu mpya inayong'aa karibu na relei, ulizia. Gundi ya kahawia iliyokauka kuzunguka kapasita ndogo, iulizie pia: gundi hiyo ya vifaa vingi vya Kijapani vya enzi hizo ikizeeka hula miguu ya vipuri na huanza kupitisha umeme, na mtu aliyeifufua amplifaya kwa dhati hawezi kuiacha. Mwambie pia aandike tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke kando ya namba ya kifaa, apige picha. Anayenadi picha zangu hawezi kulifanya hilo.

Nyuma, soma volti. Zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani ni za volti 100, na zipo zisizo na kibadilishio kabisa. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 umeiua, haijalishi plagi imebadilishwa vizuri kiasi gani.

Na msivutwe na wati wala majina makubwa peke yake, maana ndiko chambo kinakotundikwa. Pioneer SX-1250 ya 1976 ina wati 160 kila upande na kila mtu anaitamani, lakini NAD 3020 iliyotoka 1978 ina 20 tu na imewafurahisha watu wengi katika vyumba vya kawaida. Mimi sasa ningechukua hiyo ndogo, nzima, yenye mkwaruzo usoni, kuliko jitu linalong'aa ambalo mwenyewe hataki kulifungua.

Kama umeshalipa na mzigo uko njiani, usiunganishe spika zako. Mpelekee fundi aiwashe kwa mara ya kwanza kupitia glopu ya nyuzi ya wati 60 au 100 iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme. Glopu ikimulika mara moja kisha ikafifia, kuna matumaini. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani, azime hapohapo. Usiingize vidole mwenyewe hata kama umeichomoa, kwa sababu kapasita zile kubwa hubaki na umeme. Na kama kwenye picha ulizotumiwa kuna shuka la kijani na mkwaruzo chini ya kitufe cha sauti, dai pesa yako leo, kabla hajakufungia na wewe.