Leseni halali, mazabodi mpya: uzoefu wangu wa steshenari Mwanga, Kigoma

Nina steshenari ndogo Mwanga, hapa Kigoma mjini. Kazi ni zilezile za kila steshenari: kuchapa barua, fotokopi, kuskani vyeti, maombi ya ajira na ya mikopo ya chuo. Kompyuta yangu kubwa niliinunua ikiwa na programu ya ofisi ya kulipia, leseni halali, na risiti ninayo. Programu yenyewe sina ugomvi nayo. Haivurugi kurasa, na kijana yeyote unayemwajiri anakuja akiwa anaijua. Ninaloliandikia hapa ni ule ulinzi wa leseni, na linaniuma kwa sababu nililipa.

Umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, mazabodi, yaani ubao mkuu wa saketi ndani ya kompyuta, ikaungua. Fundi akaweka nyingine. Diski ileile, mafaili yote yapo. Nilipowasha, programu ikaleta tangazo kwamba leseni haitambuliki, na baada ya muda ikafunga uandishi kabisa. Faili unalifungua, unalisoma, unaliprinti, ila huruhusiwi kugusa hata herufi.

Katikati ya hayo akaja mzee mmoja wa Kibirizi na muhtasari wa kikundi chao cha wavuvi. Benki ilikuwa imeurudisha kwa sababu jina la mweka hazina, kama katibu wao alivyolileta, lilipishana herufi moja na kitambulisho cha taifa. Faili lake lilikuwa mbele yetu kwenye kioo. Ningeweza kumprintia nakala kumi zenye kosa lilelile, lakini kusahihisha herufi moja, hapana. Akaniuliza, "Binti yangu, kwani mashine si yako?" Nilimweleza nilivyoweza, akaenda kutafuta steshenari nyingine, naye kikundi kizima kinamsubiri kufungua akaunti.

Nilivyokuja kuelewa ni hivi. Programu za namna hii huchukua alama za vifaa vya kompyuta, hasa mazabodi, na kuzihifadhi kwenye seva, yaani kompyuta kuu za kampuni, pamoja na leseni yako. Mazabodi ikibadilika, seva inaona kompyuta ngeni. Leseni inayokuja na kompyuta ikiwa mpya huwa ya bei nafuu, na mara nyingi masharti yake yanaifunga kwenye mashine hiyohiyo. Inayouzwa peke yake kwa bei kubwa ndiyo kwa kawaida unaruhusiwa kuihamisha. Dukani hakuna aliyeniambia tofauti hiyo. Nilipowaandikia wahusika, na risiti nikaambatanisha, jibu lilikuwa ninunue upya.

Fundi wa mtaa wa pili alijitolea kunikrakia, yaani kuvunja ulinzi wa programu itumike bila leseni, kwa pesa ya chakula cha mchana. Nilikataa, na ningekataa tena. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda programu ya kompyuta kama inavyolinda kitabu. Isitoshe, mashine yangu inabeba vyeti na vitambulisho vya watu. Kraki zinazozunguka kwenye flashi ni njia kuu ya virusi, na huwezi kujua aliyeitengeneza ameficha nini ndani. Hata zile kii, yaani namba za kufungulia programu, za bei ya kutupa zinazouzwa mtandaoni, nyingi ni leseni za taasisi zilizouzwa kinyemela: zinafanya kazi leo, kampuni ikigundua inazizima, na aliyeuza humpati. Kwa hiyo ukaguzi huu unamkamata nani? Aliyekraki amezima ukaguzi, anaendelea na kazi. Aliyefungiwa ni mwenye risiti. Kampuni ina haki ya kulinda jasho lake, hilo nalikubali kwa moyo wote, lakini ingetambua mnunuzi, isitambue kipande cha saketi.

Sasa kazi kubwa naifanya kwa LibreOffice, programu nyingine ya ofisi. Hailipiwi, haiombi kii wala akaunti, na leseni yake inaruhusu kuiweka kwenye kompyuta zote ulizonazo na kumgawia jirani. Ilianza mwaka 2010 kutoka programu ya bure ya OpenOffice, ileile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, na kwa anayechapa mihtasari kutwa nzima hiyo ni nafuu kubwa: maneno yetu hayapigiwi tena mistari myekundu kama makosa.

Ina kasoro zake. Wasifu uliopambwa kwa majedwali na visanduku kwenye programu nyingine unaweza kufunguka ukiwa umesogea, hivyo kila mteja namwonyesha kurasa kabla sijaprinti. Ya mwisho naituma kama PDF. Mafaili ya hesabu yenye makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya faili, yananisumbua zaidi. Kuna chama cha akiba na mikopo kinacholeta jedwali lao kila mwisho wa mwezi, na hilo bado nawaomba walifungue kwenye kompyuta yao wenyewe.

Ukinunua kompyuta yenye programu ya kulipia, muulize muuzaji kabla hujatoa hela: mazabodi ikiungua, leseni inahama au inakufa nayo? Jibu liandikwe kwenye risiti. Anayetaka LibreOffice aje na flashi, ni kama MB 350, namwekea bure.