Michango yangu ya pensheni ya miezi 14 ilikatwa na haikufika: uzoefu wangu wa kufuatilia, hapa Tanga

Wadau habari zenu, naona wengi mnauliza hivi huu usimamizi wa serikali kwenye mafao ya wafanyakazi upo kweli au ni maneno ya kwenye semina, sasa mimi nimehangaika nao karibu mwaka mzima, ngoja niwasimulie ninavyokumbuka. Nyota natoa 3 kati ya 5. Mbili nimezibana na nitasema kwa nini.

Mimi ni fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja huku njia ya Pongwe, jina nalihifadhi maana ugali wa watoto bado unatoka humo humo. Nipo hapo mwaka wa kumi huu.

Yote yalianza na homa ya mtoto. Mama watoto kampeleka hospitali usiku, kadi ya bima kuangaliwa kwenye mfumo inagoma, anaambiwa mama kadi imefungwa, mwajiri hajalipa michango. Akanipigia anafoka utadhani mimi ndiye niliyefunga, na ana haki, maana kila mwezi slipu ya mshahara inaonyesha bima imekatwa, asilimia 3 yangu yaani 12,600 na mwajiri anatakiwa aweke 3 yake. Nikatoa 38,000 taslimu, nusu ya hela hiyo nimekopa kwa muuza chapati jirani yangu Makorora, Mungu ambariki hakuuliza swali.

Kesho yake kazini nasimulia kwa hasira, kuna mzee wetu wa karakana sote tunamwita Babu, akaniuliza, "Na ile ya uzeeni ushaitazama?" Nikamwambia Babu si ipo kwenye slipu. Akacheka weee. "Kwani slipu anachapa nani, mjukuu wangu?"

Sikulala vizuri siku ile. Asubuhi nikaomba ruhusa nikapanda baiskeli mpaka mjini ofisi ya NSSF, mfuko wa pensheni wa sisi wa sekta binafsi, nikatoa kitambulisho cha NIDA na namba ya uanachama, dada wa dirishani (mpole kweli, hakunikatisha hata mara moja) akanichapia taarifa ya michango. Nilitakiwa niwe na miezi 108, iliyoingia ni 94. Miezi 14 nyeupe, haina hata shilingi. Pigeni hesabu wenyewe, mshahara wangu 420,000, mchango wa sekta binafsi ni asilimia 20, kumi yangu kumi ya mwajiri, kwa hiyo 84,000 kwa mwezi mara 14, inakuja 1,176,000. Na nusu yake ni jasho langu limeshakatwa kabisa, sio kwamba mtu alisahau kuniongezea kitu, hapana, amechukua. Tena kinachouma zaidi sio hiyo milioni, ni miezi, kwa sababu pensheni ya kila mwezi inataka uwe umechangia miezi 180, sasa mimi nilijua nimebakiza 72 kumbe 86.

Hapo ndipo nikaanza kuona ujinga wetu. Pale kijiweni kwa muuza kahawa kila jioni tunapigana mdomo juu ya kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya mafao, kwamba 2018 walileta asilimia 25 ya mkupuo (hela unayopewa mara moja ukistaafu) watu wakapiga kelele mpaka Magufuli akaisimamisha Desemba ile ile, 2022 ikaja 33, 2024 kwenye bajeti wakapandisha 40 kwa wale waliokuwa wanapata 50 zamani na 35 kwa sisi tuliokuwa na 25. Tunazijua kama matokeo ya timu yetu Coastal Union. Lakini kwenye meza ile sisi watu saba hakuna hata mmoja aliyewahi kuchapisha taarifa yake akaona kama hela inafika! Unagombania asilimia 35 ya kitu gani sasa.

Haya, huduma yenyewe. Niliandika barua ya malalamiko, nikaambatanisha slipu za ile miezi 14 na nakala ya mkataba. Nilichokuwa naogopa ni bosi kujua ni mimi, nikamwambia ofisa wazi, akasema usihofu, mkaguzi akienda anakagua vitabu vya wafanyakazi wote sio vya mtu mmoja. Na kweli, baada ya wiki kama tano akaja mkaguzi na kibegi chake, akaomba vitabu vya mishahara, HR, ofisa utumishi wetu, siku ile alikuwa anatembea kama kakanyaga misumari. Ikaonekana sio mimi tu, karakana nzima ina mapengo. Sheria inamtaka mwajiri apeleke mchango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kuisha, akichelewa kuna adhabu juu yake na akikaidi anapelekwa mahakamani, basi kusikia mahakama tu bosi akatia saini ya kulipa kwa awamu. Kadi ya bima ilifunguka mwezi wa pili baada ya hapo, hiyo nilishangaa hata mimi.

Sasa nyota mbili nilizobana. Ya kwanza, miezi 14 inapita hakuna aliyeshtuka mpaka mimi nilipobeba makaratasi, hata meseji moja ya kusema ndugu mwanachama mwezi huu mchango wako haujaingia hakuna, wakati vocha ya mia tano ikiisha mtandao unanikumbusha mara tatu. Ya pili, mtu wa kawaida hajui amlalamikie nani juu ya mfuko. Zamani kulikuwa na SSRA, mdhibiti wa mifuko ya hifadhi ya jamii aliyeanzishwa kwa sheria ya 2008, ikavunjwa, kazi zake zikaenda Ofisi ya Waziri Mkuu na mambo ya fedha na uwekezaji yanaangaliwa na Benki Kuu. Sawa, ila mwambie kuli wa bandarini hapa kwetu aende Benki Kuu uone atakavyokutazama.

Mkienda, bebeni slipu zote, msitupe hata moja. Mwenzangu alikuwa anafungia vitumbua slipu zake, kesi yake mpaka leo inasuasua.

Mpaka wiki iliyopita imeshaingia miezi 9, imebaki 5. Babu yeye alikutwa na pengo la miezi 22 na anastaafu mwakani, kwa hiyo Jumatatu namkalisha nyuma ya baiskeli twende wote dirishani, bahasha yake ya kaki ameshaifunga na mpira.