Grid Community Toolkit: tathmini ya mtunzaji wa onyesho la GridFTP

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikitunza onyesho la GridFTP, itifaki ya kusafirisha mafaili makubwa iliyojengwa juu ya FTP ya zamani, ambalo kazi yake ni moja tu. Kila baada ya saa sita faili la gigabaiti moja hutoka kwenye seva yetu Dar es Salaam, likapokelewa na hifadhi ya data ya maabara washirika huko Ulaya, kisha likarudishwa, na tarakimu za uhakiki za faili lililokwenda zikalinganishwa na za lile lililorudi. Upande wetu unaendeshwa na Grid Community Toolkit, na upande wa pili na dCache, programu ya kuhifadhi data nyingi. Programu ya kwanza imeandikwa kwa C na ya pili kwa Java, na waliozitunga ni makundi mawili tofauti. Kinachoziwezesha kuelewana ni waraka wa kiwango cha GridFTP ambao Global Grid Forum, jumuiya ya kutunga viwango vya gridi (kompyuta za taasisi mbalimbali zinazofanya kazi pamoja), iliuchapisha mwaka 2003 kwa namba GFD.20. Hiyo ndiyo maana nzima ya onyesho. Seva mbili za programu ileile zikizungumza hazithibitishi lolote kuhusu kiwango.

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni hiyo ya upande wetu. Wenye kumbukumbu wataitambua kuwa ni Globus Toolkit ya zamani: watunzaji wake wa awali walisitisha huduma kwa toleo huria mwezi Januari 2018, na kundi lililojiita Grid Community Forum likauchukua msimbo na kuuendeleza kwa jina jipya. Ni programu huria, haina malipo, na vifurushi vyake vinapatikana tayari katika matoleo ya Linux ya Debian na Fedora, na katika hazina ya vifurushi ya EPEL. Katika kuisimika sina la kulalamikia. Fundi anayeijua Linux ataweza kutuma faili lake la kwanza ndani ya alasiri moja.

Ugumu unaanza mwezi wa kumi na tatu. Maonyesho mengi ya viwango vya gridi yalitengenezwa kwa ajili ya wiki moja ya mkutano, kama lile la Tampa, Florida, Novemba 2006, ambapo mifumo kadhaa iliyotungwa na watu mbalimbali ilipokea kazi za kompyuta kwa kufuata wasifu mmoja wa msingi. Kwa wiki moja kila kitu husimama imara, kwa sababu wahandisi wenyewe wamekaa kando ya mashine. Mimi nililitaka onyesho linaloweza kufunguliwa mbele ya wanafunzi siku yoyote, bila maandalizi, na kwa kipimo hicho ndicho ninaipima programu hii.

Jambo linaloua onyesho kuliko mengine yote ni vyeti. Usalama wa GridFTP umejengwa juu ya vyeti vya X.509, yaani vitambulisho vya kidijitali vinavyotolewa na mamlaka zinazoaminika: seva ina cheti chake, ambacho kwa kawaida hudumu miezi 13 hivi, na mtumiaji hutumia cheti chake kutengeneza proksi (cheti cha niaba) ya muda mfupi ambayo, usipoagiza vinginevyo, huisha baada ya saa 12. Juu ya hayo kuna orodha ya vyeti vilivyobatilishwa, ambayo kila mamlaka ya vyeti huitoa na kuiwekea tarehe ya mwisho. Orodha hiyo ikipitwa na tarehe, seva inamkataa kila mwenye cheti cha mamlaka hiyo, hata kama cheti chenyewe ni kizima. Niliyajua hayo kwa kuyasoma. Niliyajua zaidi nilipozima, kwa mkono wangu mwenyewe, ratiba ya programu inayopakua orodha hizo wakati nikirekebisha jambo lingine, nikasahau kuiwasha. Siku kadhaa baadaye kila kitu kilikatika Ijumaa jioni, na nikapoteza siku mbili nikiutuhumu mkongo wa bahari ambao haukuwa na kosa lolote.

Kuna jingine dogo ambalo halimo katika miongozo ya wanaoanza. Ukifungua saraka ya mamlaka zinazoaminika utakuta mafaili yenye majina ya herufi na tarakimu nane, yakimalizikia kwa nukta na sifuri. Majina hayo hayakubuniwa na mtu, bali hukokotolewa kutokana na jina la mamlaka, na OpenSSL (programu ya usimbaji inayoshughulikia vyeti hivyo) toleo la 1.0.0 la mwaka 2010 lilibadilisha kanuni ya ukokotoaji. Kwa hiyo mamlaka ileile ina jina moja kwenye mashine ya zamani na jina lingine kwenye mashine mpya. Tulipoongeza kompyuta kuukuu kama mshiriki wa tatu, ilidai kwamba haimjui mtoaji wa cheti, ilhali faili lake lilikuwa palepale, likiwa na jina jipya tu. Dawa yake ni kuyaweka majina yote mawili.

Masafa nayo yana mambo yake, na hapa ndipo programu hii inapostahili sifa. Pakiti ikienda Ulaya na jibu kurudi, tunapima milisekunde 150 hivi. Ukitaka kujaza njia ya gigabiti moja kwa sekunde kwa muda huo, ni lazima karibu megabaiti 19 ziwe njiani kwa wakati mmoja. Mkondo mmoja wa TCP, itifaki ya kawaida ya kusafirisha data kwenye intaneti, wenye akiba ya kumbukumbu ya megabaiti nne hauwezi kuvuka takriban megabaiti 27 kwa sekunde, hata njia iwe pana namna gani. GridFTP hulitatua hilo kwa kuligawa faili katika mikondo kadhaa inayokwenda sambamba, na kwa amri ya globus-url-copy ni suala la kuongeza herufi moja na namba. Mikondo minane inatutosha. Mwanafunzi akiona namba za kasi zikipanda kwenye kioo baada ya badiliko dogo kama hilo, huhitaji kumhubiria juu ya umuhimu wa itifaki.

Lakini mikondo hiyo ina sharti: katika hali hiyo ya utumaji, anayetuma data ndiye anayefungua miunganisho. Tukituma sisi, miunganisho inatoka kwetu. Tukirudishiwa faili, upande wa Ulaya ndio unaobisha hodi kwetu, na si kwenye porti (mlango wa mtandao) 2811 ya mazungumzo, bali kwenye safu nyingine ya porti ambayo mwenye seva huichagua. Sisi tumeacha wazi 50000 hadi 51000. Fundi mgeni wa mtandao aliiona safu hiyo, akashangaa kwa haki kabisa, akaifunga. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: kitambulisho kinakubaliwa, orodha ya mafaili inaonekana, faili kwenda linakwenda, kurudi halirudi. Tangu siku hiyo maelezo ya porti hizo yamo ndani ya kanuni zenyewe za ukuta wa kinga, pamoja na sababu yake.

Kuhusu ujumbe wa makosa, nasema wazi kwamba subira inahitajika. Namba 530 imerithiwa kutoka FTP ya mwaka 1985 na maana yake ni kwamba hujaingia, basi. Sababu inaweza kuwa jina lako halimo katika ramani ya watumiaji (orodha inayooanisha vyeti na akaunti za seva), au jambo lingine kabisa. Majibu ya kweli yamo katika kumbukumbu za seva, na ni lazima uongeze kina cha uandikaji wake kabla tatizo halijatokea. Nyaraka nazo kwa sehemu kubwa ni urithi wa enzi za Globus, hivyo msomaji atakutana na majina ya huduma zilizokwisha kuzimwa.

Je, inafaa kuanza nayo leo? Inategemea unataka kuonyesha nini. Mtandao wa kompyuta unaohudumia majaribio ya maabara ya fizikia ya CERN, yaani WLCG, umehamia kwenye HTTP kwa usafirishaji wa data na unaendelea kuviacha vyeti vya watumiaji kwa kutumia tokeni (vibali vya kidijitali), kwa hiyo anayetaka kuwafundisha vijana kazi watakayoikuta huko aanze na WebDAV, nyongeza ya HTTP ya kushughulikia mafaili. Sisi tumeongeza njia hiyo pembeni, kwa kuwa dCache inazungumza lugha zote mbili. Lakini kwa kuonyesha kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi na kutekelezwa na makundi tofauti, kikadumu kwa zaidi ya miaka 20, sijaona kinachoipita, na programu yenyewe haijawahi kuwa sababu ya onyesho letu kukatika.

Cheti cha sasa cha seva kinaisha mwezi Machi. Tarehe imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye mlango wa kabati la seva, na chini yake yamo majina ya watu wawili wanaojua maombi ya cheti kipya yanapelekwa wapi.