Makumbusho ya Kikosi 731, Harbin: kwa mwenye udadisi wa silaha za kibaiolojia

Mimi ni daktari wa mifugo, na katika kazi yetu udadisi juu ya vimelea vya maradhi hauepukiki. Nimewahi kusimama Monduli mbele ya ng'ombe aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani, nikimsihi mwenye boma asimchune wala kumpasua, kwa kuwa kimeta kikishaingia ardhini hukaa humo miaka mingi. Ndiyo maana nilipokuwa masomoni Harbin, kaskazini-mashariki mwa China, nilitenga siku nzima kwenda wilaya ya Pingfang kuyaona makumbusho ya Kikosi 731, kikosi cha jeshi la Japani ambacho, chini ya daktari Ishii Shiro, kiligeuza kimeta, tauni na kipindupindu kuwa silaha. Nakiri kwamba nilikwenda nikitaka hasa kujua walivyofanya.

Kufika huko ni rahisi: unapanda treni ya chini ya ardhi, njia ya kwanza, hadi kituo cha Xinjiang Dajie, kisha unatembea. Kiingilio ni bure, lakini pasipoti ni lazima. Jengo lililofunguliwa Agosti 2015 ni jeusi na limelazwa chini kana kwamba ardhi inalimeza, na humo ndani mwanga ni hafifu, wageni wananyamaza bila kuambiwa.

Utakayoyaona ni hati, picha, vifaa vya upasuaji na maganda ya mabomu ya udongo wa kuchoma. Maelezo yanataja Ningbo mwaka 1940 na Changde mwaka 1941, miji ambako ndege zilimwaga viroboto wenye tauni juu ya raia. Wafungwa wasiopungua 3,000, Wachina walio wengi pamoja na Warusi, Wakorea na Wamongolia, waliuawa katika majaribio, na watafiti waliwaita "maruta", yaani magogo.

Nilikaa muda mrefu zaidi kwenye sehemu ya majaribio ya baridi, kwa sababu nilikuwa nimeingia kutoka nje ambako vidole vyangu, ndani ya glavu mbili, vilikuwa vimekufa ganzi. Wafungwa walitolewa nje wakati wa baridi kali, mikono wazi, ikamwagiwa maji hadi ikaganda, kisha ikagongwa kwa kijiti mpaka itoe mlio wa ubao. Jambo linalonisumbua hadi leo ni kwamba jibu walilipata, tena jibu sahihi: kiungo kilichoganda hutibiwa kwa maji ya uvuguvugu yanayozidi kidogo joto la mwili, si kwa kusuguliwa. Tumezoea kujifariji kwamba sayansi ya kikatili ni sayansi mbovu, na kwamba anayemtesa mtu hapati ukweli. Pale Pingfang faraja hiyo iliniponyoka, nikalazimika kukubali kwamba swali linaweza kuwa la kitabibu kabisa na jibu lake likawa la kweli, ilhali kuuliza kwenyewe ni uuaji.

Wageni wengi huipita haraka sehemu ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nami nawasihi wasifanye hivyo. Wasovieti waliwahukumu Wajapani 12 mjini Khabarovsk mwezi Desemba 1949, lakini Ishii mwenyewe hakushtakiwa kamwe. Wamarekani walimpa kinga, yeye na wenzake, ili wapewe matokeo ya majaribio, naye akafa mwaka 1959. Ripoti ya Edwin Hill, mwanasayansi wa Kimarekani, ya mwaka 1947, ilieleza kwamba taarifa za aina hiyo zisingepatikana katika maabara zao kwa sababu ya miiko ya kuwafanyia watu majaribio, na ikataja gharama ya kuzipata, yen 250,000. Watu waliojizuia kutenda walikuwa tayari kununua. Kwangu mimi huo ndio udadisi wa hatari zaidi, kwa kuwa mwenye nao hubaki akijiona ana mikono safi, na sina hakika kwamba wengi wetu tungeukataa.

Ninachokisifu zaidi ni kwamba, kadiri nilivyosoma, hakuna ubao hata mmoja unaomfundisha mtu namna ya kutengeneza chochote. Niliingia na swali la "walifanyaje", na kila chumba kilinirudisha kwa waliofanyiwa. Tangu siku hiyo, wanafunzi wangu wakiniuliza juu ya kimeta, nawajibu kwa kirefu kuhusu chanjo, dalili na namna ya kuufukia mzoga. Swali likianza kuelekea kukisambaza, nawauliza kwanza wanataka kumkinga nani.

Nawashauri wanafunzi wa tiba, mifugo na maabara waende kabla hawajakabidhiwa funguo za maabara yoyote. Watoto wadogo wasipelekwe. Tengeni saa tatu, epukeni Jumatatu kwa kuwa hufungwa, na msitoke bila kuzunguka uwanjani, kwenye magofu ya nyumba ya matanuri ya kuchemshia maji ambayo Wajapani waliilipua walipokuwa wakikimbia Agosti 1945 ili kuficha ushahidi. Mabomba yake ya moshi bado yamesimama.