Following ya Nolan: nilivyouziwa muvi iliyonyooshwa

Kama umeuziwa Following, muvi ya mwongozaji Christopher Nolan, na kisa kinakwenda moja kwa moja, mwanzo hadi mwisho bila kuruka, ujue umeibiwa. Mimi nimeibiwa hivyo hivyo, na hasira haijaisha.

Miezi michache nyuma niliingia kwenye duka moja hapa Dar linaloingiza muvi kwenye flashi. Nikaomba muvi ya kwanza kabisa ya Nolan, ile ya mwaka 1998, kabla ya Memento, kabla ya Batman, kabla jina lake halijawa la kila mtu. Kijana wa kaunta akaitafuta, akaipata, nikalipa. Nyumbani nikaweka. Namwona jamaa asiye na kazi, nywele ndefu chafu, anajiita mwandishi, anafuata watu asiowajua barabarani London. Anakutana na mwizi mtanashati anayeitwa Cobb. Wanaingia kwenye nyumba za watu. Jamaa anakata nywele, anavaa suti, anajiingiza kwa mwanamke mmoja mwenye matatizo yake, anapigwa, anaumbuka, imekwisha. Kila tukio limesimama kwenye foleni yake kama wateja wa benki. Nilikaa nikijiuliza, hii ndiyo muvi iliyopewa tuzo ya Tiger kwenye tamasha la filamu la Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1999? Hii? Nikaandika kwenye simu yangu nyota mbili na nikalala nimenuna.

Kumbe siyo yenyewe. Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa diski za muvi zinazoheshimika, walipotoa diski ya muvi hii mwaka 2012 waliweka na nyongeza: kisa kilekile kimepangwa upya kwa kufuata muda. Ni kitu cha mtu aliyekwisha kuiona muvi halisi, anataka kuifungua aone ilivyoshonwa. Sasa kuna watu wameichukua nyongeza hiyo wakaisambaza kama ndiyo muvi.

Nikarudi dukani. Nilisema kwa upole, nikamwambia, kaka, uliyonipa siyo Following yenyewe, hii imepangwa upya. Hakunitazama. "Dada yangu, hiyo ndiyo nzuri. Ile nyingine inarukaruka, wateja wanarudisha wanasema faili bovu. Hiyo imenyooshwa." Nikamwambia mimi nataka hiyohiyo inayorukaruka. Ndipo akainua uso, akacheka: "Kwani we dada Nolan umemjulia wapi? Si juzi tu hapa kwenye Oscar?" Vijana waliokuwa wamekaa pale kwenye benchi wakaangua kicheko. Hela hakurudisha. Muvi nyingine hakunipa.

Hela ile ni ndogo, nimeshaisamehe. Kinachonichoma ni kwamba mtu ameamua kwa niaba yangu kwamba siwezi kuelewa. Nani kamwambia watu wa hapa hawawezi kisa kinachorukaruka? Tumekuzwa na Alfu Lela Ulela, kisa kinazaa kisa, na ndani ya hicho kuna mwingine anaanza kusimulia cha kwake, na watoto wa darasa la nne wanafuata bila kupotea. Halafu mimi mtu mzima ninyooshewe muvi ya dakika sabini!

Ndugu yangu anayeishi Uingereza alipokuja likizo nilimwagiza diski halisi. Na hapa ndipo tathmini yangu inapoanza, kwa sababu ile ya kwanza naifuta yote.

Muvi halisi inaanza na mikono yenye glovu ikipekua kisanduku cha vitu vya mtu. Kisha yule jamaa amekaa mbele ya mzee mmoja anamsimulia. Na kabla hujakaa sawa unamwona mtu huyohuyo katika sura tatu: mchafu wa nywele ndefu, nadhifu wa suti, na mwingine uso umevimba, pua na midomo imepasuka. Mapema kabisa yupo chini anatoa glovu mdomoni. Nani kamtia? Kwa nini? Hujui. Unaanza kumwinda. Unamfuata yeye kama yeye anavyowafuata wengine, unaokota vipande, unavipanga kichwani, na kila ukidhani umefika, Nolan anakuhamisha tena. Kwenye ile iliyonyooshwa swali hilo halipo kabisa. Anapigwa, basi, amepigwa.

Kuna kitu Cobb anamfundisha jamaa ambacho ndicho roho ya muvi. Cobb haibi vitu vya maana. Anaingia, anakunywa mvinyo wa wenye nyumba, anasoma barua zao, anatia nguo ya ndani ya mwanamke mwingine kwenye mfuko wa suruali ya mwenye nyumba ili ndoa iingie moto. Anavuruga ili watu waone walichokuwa nacho. Na Nolan ameufanyia mkanda wake kilekile ambacho Cobb anazifanyia nyumba. Aliyeunyoosha amerudisha kila sahani kabatini na kufuta alama za vidole. Halafu kijana wa kaunta ananiambia hiyo ndiyo nzuri.

Haya, nisije nikaonekana nimepofuka. Muvi ina kasoro na nitazisema. Sauti ni mbaya. Kuna mazungumzo yanapotea ukutani, nilirudisha nyuma mara kwa mara mpaka nikawasha maandishi ya chini. Kuna vipande vimekatwa ghafla hadi unahisi mkanda ulikuwa unakaribia kuisha kwenye kamera. Yule mwanamke, Lucy Russell anaigiza vizuri sana, ila Nolan aliyeiandika hakumpa hata jina. Katika orodha ya wahusika anaitwa tu kwa rangi ya nywele zake, na bwana wake jambazi anatajwa kwa upara wake. Na hiki, samahani kwa wapenzi wa Nolan, ni kidonda alichokwenda nacho kwenye muvi nyingi zilizofuata: mwanamke yupo ili mwanaume aumie. Nilipofika nusu nilikuwa na nyota tatu mkononi na sikuona sababu ya kuongeza.

Lakini nikaiangalia tena nikiwa najua ilivyotengenezwa, na nyota tatu zikaanza kunisuta. Bajeti ilikuwa kama dola 6,000 hivi. Wote walikuwa na kazi zao za wiki nzima, kwa hiyo walipiga Jumamosi, na walichukua karibu mwaka kumaliza. Mkanda wa milimita 16, mweusi na mweupe, ndio uliokula hela, basi walifanya mazoezi kama watu wa jukwaani ili kila kipande kipatikane kwa kupigwa mara moja au mbili. Kamera alishika Nolan mwenyewe. Taa? Dirisha. Nyumba zilikuwa za ndugu na marafiki, pamoja na ya wazazi wake. Yule mzee anayesikiliza kisa ni John Nolan, ami yake. Jeremy Theobald, anayeigiza jamaa mfuatiliaji, alijuana na Nolan chuoni London, na yeye ni mmoja wa watayarishaji. Mtayarishaji mwingine ni Emma Thomas, mke wa Nolan, ambaye mpaka leo anatayarisha muvi zake.

Sasa angalia umaskini huo ulivyogeuzwa. Weusi na weupe unaficha kwamba hakuna taa. Kamera ya mkononi inatetemeka, na kisa ni cha mtu anayenyemelea, kwa hiyo mtetemo unakuwa macho yake. Nywele na nguo zinabadilika, na mabadiliko hayo ndiyo saa inayokuambia upo wapi kwenye kisa. Naona vijana wetu wa Bongo Movie wanasubiri kamera ya bei mbaya, wanasubiri mfadhili, wanasubiri jumba la kifahari la kupigia sebuleni. Jamaa huyu alisubiri Jumamosi tu.

Na mlangoni pa chumba cha yule jamaa kuna alama ya Batman. Mwaka 1998! Batman Begins ilitoka 2005, na Theobald na Russell wamo humo kwa sehemu ndogondogo. Jina la Cobb nalo likarudi kwenye Inception mwaka 2010, tena kwa mwizi mwingine. Nilisimamisha picha nikapiga kelele peke yangu.

Kwa hiyo nyota nne. Hapana, kwa sauti ile siwezi kutoa nne, mtu atanilaumu. Tatu na nusu... Lakini nikikumbuka kile kipande cha mwisho kule polisi, jinsi kila kitu ulichodhani ni bahati mbaya kinavyojifunga kwenye shingo ya yule kijana, naona aibu kubana nusu nyota. Ni nne. Sauti muivumilie.

Duka lile sitalitaja, ila nawapa njia ya kujikinga. Kabla hujalipa, mwambie akufungulie dakika kumi na tano za kwanza palepale kwenye kompyuta yake. Usipoona uso uliovimba mapema, na jamaa bado ana nywele ndefu tu muda wote bila suti kutokea, hiyo ni iliyonyooshwa. Mrudishie flashi aifute na udai yenyewe. Akikuuliza Nolan umemjulia wapi, usimjibu, ondoka na hela yako.