Huduma ya udahili wa vyuo vikuu Tanzania: tathmini ya aliyeipitia mara mbili

Nimeipitia huduma ya udahili wa vyuo vikuu nchini Tanzania mara mbili: kwanza nikimsaidia mpwa wangu aliyemaliza kidato cha sita kuomba shahada ya kwanza, kisha nikiomba mwenyewe shahada ya uzamili. Masharti ya udahili yameandikwa vizuri kuliko watu wengi wanavyodhani, lakini hatua ambayo uamuzi wa kijana hukamilika, yaani kuthibitisha chuo, imetegemezwa kwenye namba ya simu ambayo mara nyingi si ya kwake.

Kuanzia mwaka 2010 maombi yalipitia mfumo wa pamoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ambapo mwombaji aliorodhesha programu azipendazo na mfumo ukampangia mahali. Mwaka 2017 utaratibu huo uliachwa, na tangu hapo mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja katika chuo anachokitaka, au katika vyuo kadhaa kwa wakati mmoja. Vyuo huchagua, huwasilisha majina TCU ili yahakikiwe, kisha hutangaza waliochaguliwa. Nayaona mabadiliko hayo kuwa ya haki. Wazee wetu walioomba chuo kikuu baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 walitakiwa kwanza wafanye kazi na wapate mapendekezo ya mwajiri na ya chama tawala. Kijana wa leo huchagua mwenyewe, na uhuru huo ni wa kulindwa hata pale unapomchosha.

Sehemu ninayoisifu bila kusita ni mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka, mmoja kwa waliomaliza kidato cha sita na mwingine kwa wenye stashahada. Humo kila programu ya kila chuo imeandikwa pamoja na sifa zake za kujiunga. Sharti la chini la jumla kwa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo mwenye D mbili, au mwenye C na E, ameingia mlangoni; mwenye D na E bado. Hapo ndipo familia nyingi hukosea, kwa sababu huishia kwenye sharti la jumla na hazisomi sifa za programu yenyewe. Udaktari wa binadamu, kwa mfano, hutaka Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, na hakuna wingi wa pointi katika masomo mawili utakaoziba pengo la somo la tatu. Mpwa wangu alikuwa ameshajaza programu mbili ambazo tahasusi yake haikuziruhusu kabisa, na tuligundua tulipokaa na mwongozo jioni moja tukausoma mstari kwa mstari. Namshauri kila mzazi aupakue kabla ya kulipia ombi lolote.

Waombaji wenye stashahada wao huhitaji pia namba ya uhakiki wa tuzo, yaani wa stashahada yenyewe, inayotolewa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, na walio na vyeti vya sekondari vya nje ya nchi hutafuta ulinganifu wake NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania. Hatua hizo ziko wazi, ila zinahitaji kuanzwa mapema.

Sasa nije kwenye kuthibitisha. Mwombaji aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba maalumu ya siri kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa baruapepe, na kwa namba hiyo huingia katika akaunti yake ya chuo alichokichagua na kujithibitisha ndani ya siku zilizopangwa. Kwenye karatasi utaratibu huu ni mzuri, kwa kuwa unazuia mtu mmoja kushikilia nafasi tatu huku wenzake wakikosa. Lakini maombi ya vijana wengi hayajazwi nyumbani. Hujazwa steshenari, na mhudumu, kwa kutaka kazi iende haraka, huweka namba yake ya simu, hufungua baruapepe mpya na kubuni nywila ambayo mwombaji haambiwi. Ndivyo ilivyokuwa kwa mpwa wangu. Alichaguliwa na vyuo viwili, ujumbe ukaenda kwenye simu ya mwenye steshenari, naye alikuwa amefunga duka na kusafiri msibani. TCU huelekeza kwamba asiyepata ujumbe aingie katika akaunti aliyoombea na kuomba atumiwe tena, na ni maelekezo mema. Ila sisi nywila hatukuwa nayo, na hata tungekuwa nayo, ujumbe ungerudi kwenye simu ile ile. Kwa siku tano dada yangu hakula vizuri. Tulimpata yule bwana siku moja kabla ya dirisha kufungwa, akatusomea namba kwa simu, na kijana akathibitisha saa nne usiku.

Simlaumu sana mwenye steshenari, kwa maana anahudumia foleni ya watoto wasio na kompyuta wala simu janja, na bila yeye wengi wasingeomba kabisa. Ninaloliomba ni kwamba mfumo wa kila chuo umtake mwombaji athibitishe namba yake ya simu siku ile ile anapojisajili, na kwamba iwepo njia ya kuibadilisha namba hiyo kwa kutumia namba ya mtihani wa kidato cha nne na kitambulisho, hata kama itamlazimu kufika katika ofisi fulani. Namba ya kidato cha nne tayari inamtambulisha katika maombi ya chuo na katika maombi ya mkopo. Haishindikani kuipa kazi hii nayo.

Nitaje mkopo kwa kifupi, kwa sababu wazazi huchanganya: kudahiliwa hakumpi mtu mkopo. Maombi yake hupelekwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa mfumo wake na kwa tarehe zake, na cheti cha kuzaliwa huhakikiwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, au na mamlaka husika kwa waliozaliwa Zanzibar. Jina lisilolingana katika vyeti ni tatizo la kushughulikiwa miezi kadhaa kabla, si wiki ya mwisho.

Upande wa uzamili huduma imelegea. Sharti la jumla linaeleweka: shahada ya kwanza yenye wastani usiopungua 2.7 katika kipimo cha 5.0, yaani daraja la pili la chini, na aliye chini ya hapo kwa kawaida hushauriwa kuanza na stashahada ya uzamili. Aliyesoma nje ya nchi hutakiwa kwanza tuzo yake itambuliwe na TCU. Baada ya hapo kila chuo kina ratiba, fomu na ukimya wake. Chuo kimoja nilichoomba kilipokea nakala za matokeo yangu na barua mbili za wadhamini wa kitaaluma, kisha hakikunijibu hadi wiki moja kabla ya masomo kuanza, wakati mwajiri wangu alihitaji taarifa ya miezi mitatu ili kunipa ruhusa ya masomo. Chuo cha pili kilijibu ndani ya mwezi, kikaambatanisha maelekezo ya kujiunga, ada na tarehe ya usajili, na ndicho nilichokwenda, ingawa hakikuwa chaguo langu la kwanza.