Kadi za harusi za leterpresi, kutoka Dar hadi Mtwara: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza kamati waliloniuliza. Kadi moja na bahasha yake ilitugharimu shilingi 9,500. Kwa hela hiyo hapa Mtwara mjini unapata kadi tatu nzuri tu za kawaida, zenye picha ya maharusi na utepe. Mweka hazina alishika kichwa. Lakini harusi ilikuwa ya mdogo wangu wa mwisho, suala la kadi nilikabidhiwa mimi, na nilishaamua: leterpresi 150 kwa wazee, ndugu wa karibu na waliochangia dabo (kadi ya watu wawili), wengine wote kadi ya WhatsApp.

Kwa asiyezijua, leterpresi ni uchapaji wa zamani, ule wa herufi iliyoinuka kupakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Ofseti na printa huacha wino juu tu. Hii inabonyea, ukipitisha kidole unaisikia kila herufi. Zamani herufi zilikuwa za risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, zinapangwa moja moja kwa mkono. Siku hizi dizaina anatengeneza faili kwenye kompyuta, linatolewa pleti ya plastiki ngumu, ndiyo inayofungwa kwenye mashine. Mashine yenyewe ni kuukuu, Heidelberg ile ya mikono miwili inayozunguka kama feni ikidaka karatasi. Karakana nyingi Dar bado wanazo, ila kazi yake kubwa ni kupiga namba kwenye vitabu vya risiti na kukata maboksi. Hapa kwetu sikumpata wa kunifanyia, nikaagiza Dar.

Fundi wa mashine, mzee wa makamo, alinichekesha. Nilipomwambia nataka herufi zizame sana alisema, "Mwanangu, sisi tulifundishwa karatasi iguswe tu. Ukiona alama nyuma, umeharibu kazi. Nyie mnanilipa zaidi ili niharibu." Na ni kweli, kuzama huko ni mtindo wa siku hizi. Unahitaji karatasi nene na laini ya pamba. Tulichukua ya gramu 600 kwa mita ya mraba, kwa sababu ile ya gramu 300 ukiibonyeza sana maandishi yanatokeza upande wa pili.

Sasa usanifu, ambako ndiko nilikopata kazi. Nilitaka tawi la mkorosho juu ya kadi, kwa kuwa harusi ilikuwa Novemba, msimu wa minada, na familia zote mbili zinaishi kwa korosho. Dizaina, kijana mwenye mkono mzuri kweli, akanitumia mchoro ambao korosho imekaa juu ya bibo, lile tunda la mkorosho, pale kwenye kikonyo. Jamani! Kadi ile ingefika Newala ingekuwa kichekesho cha mwaka. Nikampigia picha bibo la kwenye mti wa jirani, korosho ikining'inia chini yake. "Dada, mimi nilijua ni kifuniko," akasema. Alirekebisha siku hiyohiyo bila malipo, na mchoro wa pili ulikuwa mzuri mno.

Tatizo la pili lilikuwa urefu wa maneno. Violezo vyake vingi vilitengenezwa kwa Kiingereza, chenye maneno mafupi, herufi kubwa zimeachiana nafasi. Ukiweka humo "WANAYO FURAHA KUKUKARIBISHA" mstari unagonga ukingo wa kadi. Alijaribu kupunguza herufi, fundi akakataa: zikiwa ndogo sana wino unaziba matundu ya "a" na "e", na mistari myembamba ya mwandiko wa mkunjo inaweza kukatika kwenye pleti. Dawa ikawa kuacha herufi kubwa kwa majina ya maharusi peke yake, mengine yote herufi za kawaida. Kadi ikapumua.

Rangi nazo zina hesabu yake. Kila rangi ina pleti yake na inapita mashineni peke yake, kwa hiyo kila unayoongeza inaongeza bei. Tulibaki na mbili, kijani kibichi kwa maandishi na majani, nyekundu kwa bibo. Shangazi alitaka maandishi ya dhahabu juu ya karatasi ya damu ya mzee. Akaelezwa kwamba wino wa leterpresi haufuniki rangi nzito ya chini, na ile dhahabu ya kung'aa ni foili, inabandikwa kwa moto na gharama yake ni nyingine. Hakufurahi. Mpaka leo hajafurahi.

Ramani ya ukumbi na ile misimbo ya kuskani tuliviweka kwenye kikaratasi cha pembeni, tukakiprinti hapahapa mjini kwa bei chee. Vile vimraba vidogo wino ungeviziba, simu ikagoma kusoma.

Kuna jambo dogo ambalo hakuna aliyeliwaza, dizaina wala fundi. Kadi zetu huwa na mstari wa nukta wa kuandikia jina la mwalikwa, Bw./Bi./Mzee fulani. Kwenye leterpresi nukta hizo ni vishimo. Kalamu ikipita juu yake inadumbukia na kuruka, jina linatoka kama limeandikwa ndani ya basi. Juu ya hapo karatasi ya pamba inanyonya, kalamu ya jeli inasambaza wino. Bahati yetu tuliomba sampuli halisi itumwe kwa basi kabla ya kazi yote kuchapwa. Picha ya WhatsApp isingetuonyesha hilo hata kidogo. Nukta tukazifuta, tukaacha nafasi tupu, na majina akaandika binamu yetu mwenye mwandiko mzuri kwa kalamu ya kawaida ya bluu. Ukiagiza, dai sampuli ya kushika mkononi. Wakikataa, tafuta wengine.

Kilichomfurahisha mweka hazina ni namba. Kwa kuwa mashine ile ndiyo inayopiga namba za risiti, kadi zetu zilipigwa namba nyekundu kwenye kona, pamoja na SINGO au DABO. Vijana wa mlangoni walikuwa na orodha, na kadi ya kughushi ungeijua kwa kidole tu. Kwa shughuli zetu, ambazo kila mara kuna watu wanaingia na kadi ya kunakili, naona hii pekee inarudisha sehemu ya gharama.

Usafirishaji ndio ulioniudhi. Boksi lilipakiwa chini ya mizigo mingine, likafika stendi limebonyea, kadi kadhaa kona zimekunjika. Karakana walikuwa wameziweka kwenye boksi jepesi bila kitu cha kuzuia mgandamizo. Walikubali kuchapa nyingine badala yake, ila nauli ya basi nikalipa mimi. Agiza za akiba tangu mwanzo, maana kuitega mashine upya kwa kadi kumi ni karibu gharama ileile ya kuiwasha kwa mia. Na zikifika zifungie kwenye nailoni. Hewa ya pwani yetu ina unyevu, karatasi ya pamba inaunyonya na kuanza kupinda.

Tawi la mkorosho nililiagizia pleti za peke yake, mbali na maandishi, na kazi ilipoisha nikazidai. Ziko kabatini, kwenye bahasha nyeusi, maana mwanga wa jua unazikausha zikapasuka. Kaka yetu akioa mwakani atalipia pleti ya maandishi tu.